Haya, Ongea Tukusikie

Fasihi simulizi, kwa asiyejua, ni ile inayotoka mdomoni na kuingia sikioni: ngano, vitendawili, methali, majigambo. Mtihani wake wa kidato cha nne hufanywa kimya kabisa, dawati mbali na dawati, msimamizi akizunguka kumkazia macho yeyote anayekohoa mara mbili. Ni karatasi ya saa tatu. Anayeyajua majigambo huandika sifa za majigambo. Akithubutu kusimama na kujigamba anatolewa nje, na huko nje kuna mama yake aliyelipa michango yote.

Kiingereza nacho ni vilevile. Kijana anaweza kutoka kidato cha nne na A ya Kiingereza bila mtahini wa taifa kuwahi kusikia sauti yake. Nawajua wa namna hiyo. Ukimpa mmoja wao barua, anakuandikia barua ambayo balozi angeitia fremu. Ukimletea Mzungu aliyepotea njia ya Kiomboi, anakimbilia kwenye mashine ya kukamua alizeti na kujifanya hasikii kwa sababu ya kelele.

Wakenya wasitucheke. Kwenye mtihani wao wa KCSE, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina sehemu nzima ya stadi za kuzungumza, alama 30, na inajibiwa kwa kalamu. Mtahiniwa anaulizwa neno hili linatamkwa sawa na lipi, au fulani aliyepiga simu alikosea wapi adabu, naye anainama na kuandika. Waingereza, wenye lugha yao, nao walifika mwaka 2014 wakaziondoa alama za kuzungumza na kusikiliza kwenye daraja la mtihani wao wa GCSE. Siku hizi mwanafunzi wao anasimama, anahutubia, anajibu maswali, kisha anaandikiwa pembeni ya cheti kwamba amefaulu au amefaulu vizuri sana, na neno hilo haliongezi wala kupunguza kitu kwenye daraja lake.

Sababu zipo, na mimi si mtu wa kulaumu bila hesabu. Watahiniwa wetu wa kidato cha nne siku hizi ni zaidi ya laki tano kwa mwaka. Chukua laki tano kamili, kila mmoja mpe dakika kumi tu. Hizo ni dakika milioni tano, yaani saa elfu 83 na ushee. Mtahini mmoja akikaa kitini saa nane kila siku, bila Jumapili, bila Idi wala Krismasi, bila hata kuugua tumbo, atamaliza baada ya miaka 28 na nusu. Watahiniwa wake wa mwanzo watakuwa wameshaleta watoto wao kwenye foleni ileile. Ukitaka kwenda haraka, ajiri watahini elfu kumi, na kazi inakwisha kwa saa nane na dakika ishirini. Lakini hapo itabidi watu elfu kumi walipwe posho, na neno posho likishatajwa, kikao huahirishwa.

Basi shule moja hapa Singida mjini ikaona isisubiri taifa. Siitaji jina, kwa kuwa mpwa wangu anasoma pale na fimbo bado zipo. Ikaamua kuwapima wanafunzi wake wa kidato cha tatu kuzungumza, kwa mdomo, ana kwa ana. Wazo zuri, tena la kishujaa. Kosa lake moja ni kwamba lilihitaji mjumbe wa bodi ya shule awe mmoja wa majaji, na mjumbe wa bodi ni mimi. Ujumbe wenyewe niliupata kwa sababu siku ya uchaguzi nilikuwa nimetoka kwenda msalani.

Tukakaa watu wazima watatu nyuma ya meza: mwalimu wa Kiingereza, mwalimu wa Kiswahili na miye. Mbele yetu, hatua kama nne, paliwekwa mstari wa chaki ambapo mtoto angesimama. Nikapewa karatasi ya vigezo. Matamshi alama tano. Ufasaha tano. Msamiati tano. Lafudhi tano. Kujiamini tano. Chini pameachwa mahali pa saini ya jaji na muhuri, kana kwamba mtoto anasafirishwa nje ya mkoa.

Swali la kwanza lilikuwa lilelile kwa wote: "Jieleze."

Nauliza, ni nani katika nchi hii huambiwa ajieleze? Anayeambiwa ajieleze ni mtu aliyekamatwa na baiskeli isiyo yake. Au kijana aliyepeleka posa, amekalishwa kwenye kigoda kifupi, wazee wamemzunguka na hakuna aliyemkaribisha maji. Sisi hatujielezi, tunaelezwa na wengine. Ukitaka kujua mimi ni nani, kamuulize jirani yangu, na atakueleza kwa kirefu hata yale usiyoyataka.

Walioingia mwanzo walikuwa mabingwa wa midahalo, na hao ndio walionitia uchovu. Kila mmoja alifunga mikono nyuma, akavuta pumzi, akaanza: "Mheshimiwa mwenyekiti, katibu mahiri, mlinda muda makini, majaji wetu waadilifu, wenzangu mnaoniunga mkono na wapinzani wangu mnaonipinga bila hoja za msingi, itifaki imezingatiwa." Mle ndani hapakuwa na mpinzani hata mmoja, labda mimi. Muda aliopewa ni dakika mbili. Alipomaliza kutusalimia sote kwa vyeo, mwalimu akawa anagonga meza kwa kalamu. Alama za ufasaha akapewa tano. Nikajiuliza amesema nini, nikaona wenzangu wanaandika, nami nikaandika.

Kisha wakaja wale wengine, ambao ndio wengi. Hao walisimama kwenye chaki wakaangalia chaki. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kumsomea dua mgonjwa. Mwalimu wa Kiingereza akawa anawakata alama za kujiamini mmoja baada ya mwingine, sifuri, moja, sifuri. Nikamnong'oneza kwamba watoto hawa tumewalea wenyewe. Tangu anatambaa anaambiwa asiingilie mazungumzo ya wakubwa, akisemeshwa na mzee asimkodolee macho, akijibu ajibu kwa kifupi na kwa sauti ya chini. Amefuata yote hayo miaka kumi na sita, anasifiwa mtaa mzima kwa heshima yake, halafu siku moja saa nne asubuhi anadaiwa macho makavu na kifua mbele, kwa alama tano. Mwalimu akanijibu kwamba vigezo ndivyo vilivyo. Vigezo vimekuwa ndivyo vilivyo tangu nazaliwa, na sijawahi kukutana na aliyevitunga.

Mwalimu wa Kiswahili yeye alibana kwenye lafudhi. Ni kijana wa Tanga, ana sauti ya redio, na kila mtoto aliyesikika ametoka Ilongero alikatwa. Sawa, Kiswahili sanifu msingi wake ni Kiunguja, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kukisimamia mwaka 1930. Hilo silikatai. Lakini kutoka hapa hadi pwani ni karibu kilometa 700 za lami. Lafudhi ikisafirishwa umbali huo kwa basi, ikapita Morogoro, ikalala Dodoma, ikapigwa na upepo wa Manyoni, lazima ishuke stendi na vumbi kidogo. Nilipomuuliza kama watoto wa Tanga hukatwa alama kwa kutosikika kama Wanyaturu wa huku, alicheka akadhani natania.

Ndipo ikaja picha ya chura.

Mwalimu wa Kiingereza alikuwa ameipata kwenye semina, nakala za fotokopi zilizofifia. Kuna mvulana, kuna mbwa wake, na kuna chura waliyemfuga kwenye chupa, ambaye usiku ametoroka. Mvulana na mbwa wanakwenda kumtafuta msituni. Kitabu chenyewe ni cha Mmarekani Mercer Mayer, kilitoka mwaka 1969, hakina neno hata moja ndani yake, na watafiti wa lugha wamewaonyesha watoto wa mataifa chungu nzima ili wasimulie kinachotokea. Nia ni njema: picha ni zilezile kwa wote, kwa hiyo unaweza kulinganisha nani anajua kuunganisha tukio na tukio.

Msichana mmoja, mpole, aliziangalia picha zote kwa makini. Akarudia tena. Kisha akainua uso kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Samahani mwalimu, wanamtafuta wa nini?"

Ningekuwa na mamlaka ningempa alama zote palepale na chai. Ni swali la mtu anayejua kuwa hadithi lazima iwe na sababu. Huku kwetu chura akitoka ndani ya nyumba unafunga mlango. Mpe mtoto huyohuyo ndama aliyepotea magharibi akitoka malishoni, umwone. Atakueleza nyayo zilielekea wapi, nani alikuwa wa mwisho kumwona, kwa nini yule shahidi hasemi ukweli, mvua ilinyesha kabla au baada, na baba alisema nini alipogundua. Mwalimu akaandika kwamba mtahiniwa ameshindwa kusimulia.

Mpwa wangu aliingia karibu na mwisho. Nilitaka kujitoa, maana ni damu yangu, lakini waliniambia pale hakuna mjomba, pale kuna jaji. Mazungumzo yetu nayaweka kama yalivyokuwa.

"Jieleze."

"Mimi ni mwanafunzi."

"Endelea."

"Wa hapa."

"Unapenda kufanya nini ukiwa nyumbani?"

"Kawaida."

"Kawaida ndiyo nini?"

"Kawaida tu."

"Ukimaliza masomo ungependa kuwa nani?"

"Yeyote."

Akapata alama sita kati ya ishirini na tano. Tano za matamshi, kwa sababu neno "kawaida" alilitamka vizuri mara zote mbili, na moja ya kujiamini, ambayo nilimpa mimi kwa kuwa hakulia.

Jioni ile nimekaa uani, roho imenisinyaa, jirani yangu mwenye mashine ya alizeti kaja kuazima spana. Tukaanza mambo ya mpira. Jirani akasema timu yetu ya Singida imetoka mbali, kwamba ni ileile anayoijua yeye toka zamani, inabadilisha jezi tu. Mpwa wangu alikuwa ameinama anafunga cheni ya baiskeli. Hakuinuka. Akasema:

"Shikamoo baba. Samahani, siyo ileile. Ile unayoisema wewe ni Singida United, ambayo ilishuka daraja mwaka 2020, na ile haikurudi. Iliyokuja baadaye ilikuwa DTB, ambayo ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2022 ikabadilishwa jina ikaitwa Singida Big Stars. Mwaka uliofuata wakaungana na Fountain Gate, ikawa Singida Fountain Gate. Sasa hiyo ndiyo iliyohamia Babati, ikaacha jina la Singida huku, kule ikabaki Fountain Gate tu. Kwa hiyo hapa pangebaki patupu, isipokuwa Ihefu, ambao walikuwa wa Mbarali kule Mbeya, wakahamia kwetu mwaka 2024 wakawa Singida Black Stars. Ndiyo maana mtu akikwambia yeye ni shabiki wa Singida toka mwanzo, lazima umuulize mwanzo upi, kwa sababu timu unayoishangilia leo hapa, ungeifuata ilikotoka, ungefika Mbeya, na ile uliyoishangilia juzi iko Manyara."

Jirani alishika spana mdomo wazi. "Kwa hiyo mimi timu yangu ni ipi?"

"Inategemea baba, ulikuwa unapenda wachezaji, jina, au uwanja."

Niliingia ndani nikaitoa ile karatasi ya vigezo kwenye koti. Matukio ya miaka minne yamepangwa kwa mfuatano. "Ambayo" kila moja imekaa mahali pake. "Ungeifuata, ungefika" imetoka bila kujikwaa, na hiyo ni sarufi ambayo nimewasikia waheshimiwa wakiikwepa bungeni. Amesahihisha mtu mzima bila kumvunjia heshima. Amemalizia kwa kumrudishia mwenzake uamuzi. Na huyu ndiye wa alama sita.

Wenye fani yao wanalijua jambo hili. Mwaka 2005, Marilyn Nippold wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, pamoja na wenzake, waliwasikiliza watu wa rika mbalimbali, wakiwemo vijana wa umri huu wa balehe, kwa njia mbili. Kwanza waliongea nao maongezi ya kawaida. Kisha wakawaomba wawaeleze mchezo wanaoupenda: unachezwaje, sheria zake zikoje, ushindi unapatikana vipi. Sentensi zikawa ndefu zaidi na zenye kufungamana zaidi pale walipokuwa wanaeleza mchezo kuliko pale walipokuwa wanaongea tu. Yaani ukimuuliza kijana habari zake anakujibu kwa neno moja, ukimuuliza kitu anachokijua kuliko wewe, anakufungulia ghala. Ni utafiti wa Oregon, lakini ungeweza kufanyiwa kijiwe chochote cha bodaboda pale Misuna, na posho ingekuwa soda.

Nililipeleka hilo shuleni. Nikaambiwa mchezo haumo kwenye mada. Mada ni umuhimu wa maji, madhara ya dawa za kulevya na mimi mwenyewe. Halafu mtihani wa Kiingereza ndio unaoleta sifa wilayani, nikaambiwa. Hapo ndipo nilipokasirika kabisa. Mtoto amefundishwa kwa Kiswahili miaka saba ya msingi. Kidato cha kwanza anapewa wiki chache za kumwogesha Kiingereza, kisha baiolojia, fizikia na historia zote zinamjia kwa lugha hiyo. Anachofanya nayo darasani ni kunakili ubaoni na kuitikia "yes" mwalimu anapouliza kama wako pamoja. Darasa zima hupiga "gudi monin sa" saa tisa alasiri. Siku ya kupimwa ndiyo siku yake ya kwanza kuambiwa aseme jambo ambalo wenzake sabini hawalisemi kwa pamoja naye.

Na mkoa wenyewe uangaliwe vizuri kabla ya kusema watoto wake hawana lugha. Nenda Mkalama. Kijiji cha Munguli kina Wahadzabe, wenye lugha ya vidoko, zile sauti za kualisha ulimi, lugha ambayo wataalamu hawajaithibitishia undugu na nyingine yoyote duniani. Jirani zao ni Wanyisanzu na Wanyiramba, hao ni Wabantu. Kuna Wataturu na ng'ombe wao, lugha yao ni ya Kiniloti. Ukivuka upande wa Mbulu kuna Wairaki, lugha ya Kikushi. Ukanda huu wa kati wa Tanzania ndipo makundi hayo manne ya lugha yanapokutana, sehemu nyingine ya Afrika huipati. Kijana anayekulia hapo anaweza kumsalimia mama kwa lugha moja, akaomba moto kwa jirani kwa ya pili, akajibu shuleni kwa Kiswahili. Kisha anasimamishwa kwenye mstari wa chaki, anaulizwa habari za chura kwa lugha ya nne, na karatasi inaandikwa: msamiati hafifu.

Nina mtihani wangu, na sikuombwa. Ule wa IELTS wanaoufanya wanaotaka kwenda kusoma Ulaya, sehemu yake ya kuzungumza ni dakika 11 hadi 14, na katikati yake unapewa kadi ya mada, dakika moja ya kujiandaa na hadi dakika mbili za kusema bila kukatizwa. Mimi ningewapeleka watoto stendi. Basi la Mwanza limeingia, dereva kasema anakojoa anaondoka. Kijana ana kuku wawili mkononi, miguu juu. Abiria yuko dirishani, anatoka Dar, anajiona mjanja na ana hofu ya kuuziwa kuku wa kizungu aliyepakwa vumbi. Dakika ya kujiandaa haipo. Hapo kijana lazima amsalimie kwa umri wake sawasawa, amsome usoni, ataje bei, asikie inakatwa nusu, acheke, aape, ashuke kidogo, aeleze tofauti ya kuku wa Singida na kuku wa dunia nzima, apokee hela na kurudisha chenji huku anakimbia na basi limeshaanza kutembea. Asiyeuza amefeli. Hakuna rufaa.

Nilimweleza mpwa wangu fikra hizo, kwa nia ya kumtia moyo. Nikamwambia tatizo lake si mdomo, tatizo ni kwamba aliulizwa vibaya, na kwamba kilichomwangusha zaidi ni kujiamini. Alinisikiliza kwa adabu zote, macho chini. Kisha akasema, polepole:

"Mjomba, hapo kwenye kujiamini umenena. Nami nimelifikiria. Unajua shule siku ya Ijumaa tunaruhusiwa kuvaa jezi jioni wakati wa michezo. Wenzangu wote wanaosimama mbele wakaongea, ukiwaangalia, ni wale wenye jezi. Sisemi kwamba jezi ndiyo inayoongea, hapana. Lakini mtu asiyeona aibu mavazi yake haoni aibu sauti yake. Sasa Black Stars jezi mpya imetoka. Ningeweza kumwomba mama, lakini mama akisikia utaulizwa wewe kwa nini mtoto anaishi kwako na bado anamwomba yeye, na mimi sitaki uaibike mjomba. Ukinipa nusu, nusu nitaitafuta mwenyewe kwa kuziba pancha. Au ukinipa yote, zile pancha nitakuzibia wewe bure mpaka mwezi wa sita. Chagua wewe."

Nikatoa elfu ishirini na tano.

Mama watoto alikuwa mlangoni na ungo wa mchele, ameona mkono unavyoingia mfukoni na kutoka.

"Hela yote hiyo umempa ya nini?"

"Kawaida tu," nikamwambia.